Mashine ya boti inavuja oili: oili ipi, na inavujia wapi?

Juzi nimekuta ubishi dikoni ambao nadhani nimeshausikia mara mia. Maji yamekupwa, boti ya fiba imelala mchangani, mashine ya 40 (nguvu za farasi 40) imesimamishwa wima juu ya kigogo, chini ya propela kuna doa jeusi la mafuta limeingia kwenye mchanga, na watu watano wameizunguka kila mmoja ana jibu lake. Mmoja anasema sili ya propela, ile pete ya raba inayozuia oili isitoke, imekufa, badilisha. Wa pili anasema hiyo oili unayotia ni nyepesi ndo maana inatoka, tia nzito. Kuna mzee kakalia ndoo ya chambo, anasema mashine zote ziko hivyo, hata ya kwake ya zamani ilikuwa hivyo na ilimsomeshea watoto. Na mwenye boti, kijana tu, kashanunua sili mara mbili ndani ya miezi mitatu, kafunga, na bado kila akifungua nati ya chini ya kumwagia oili inatoka nyeupe kama mchuzi wa nazi. Kachoka, anaongea kwa sauti ya mtu anayetaka kuuza boti.

Kilichonichekesha ni kwamba lile doa jeusi mchangani na ile oili nyeupe ndani havikuwa na uhusiano wowote. Ni vitu viwili tofauti, vina sababu tofauti, na wote watano walikuwa wanavijadili kama kitu kimoja. Sasa acha niliandike hili taratibu, maana naulizwa na watu wa pwani, naulizwa na watu wa Mwanza na Kigoma, na hela inayopotea kwa kubahatisha ni nyingi mno.

Mguu wa mashine una nini ndani

Mashine ya kupachika ukiitazama haraka ina sehemu mbili. Juu kuna kichwa, ndo injini yenyewe, petroli inachomwa huko. Chini kuna mguu, ile sehemu inayozama majini na kushika propela. Kutoka kwenye injini kuna shafti ndefu inashuka wima mpaka chini kabisa, afu kuna nyingine fupi imelala, ndo yenye propela. Zinakutana kwenye kona, na pale konani kuna gia tatu: ndogo moja kwenye ncha ya shafti ya wima, na kubwa mbili zinazotazamana, moja ya kwenda mbele na moja ya rivasi. Hizi kubwa mbili zinazunguka muda wote injini ikiwaka, moja inaenda huku nyingine kule, na katikati yao kuna kipande cha chuma chenye meno ambacho ndo kinachong'ata ya mbele au ya nyuma pale unapovuta mkono wa gia. Kikikaa katikati bila kung'ata popote, hiyo ndo nyutro. Ule mlio wa "kla!" unaousikia ukiingiza gia ni hicho kipande kinakutana na meno.

Sasa vyote hivyo vimefungiwa kwenye boksi la aluminiamu na vinaogelea kwenye oili ya gia, ambayo ni nzito kama asali, rangi kama asali, na ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Mashine nyingi zinataka SAE 90. Na ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, mguu wa mashine nyingi za 40 ni kama nusu lita tu. Hapo ndo uone uzito wa jambo lenyewe, maana kwenye nusu lita, maji ya vikombe viwili vya kahawa si "maji kidogo", ni sehemu kubwa ya kilichomo.

Oili tatu zinazochanganywa

Ukisikia mtu anasema mashine yangu inavuja oili, swali la kwanza si sili gani, swali la kwanza ni oili ipi.

Mashine zetu nyingi za uvuvi ni za 2T, yani oili unaichanganya na petroli, mara nyingi lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ingawa wavuvi wengi wanazidisha wakiamini wanailinda mashine. Ile oili haiungui yote. Inayobaki inachanganyikana na masizi, inashuka na moshi, na moshi kwenye mashine nyingi unatokea chini, katikati ya propela palepale. Kwa hiyo ukinyanyua mashine au ikikaa usiku, utakuta kitu cheusi, chepesi, kinadondoka kwenye tundu la propela, na ukishusha majini unaona rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Hiyo inachafua maji kweli na ukiwa unazidisha oili basi unachafua zaidi, ila mguu wako mzima kabisa. Ndo lile doa la juzi.

Ya pili ni oili ya gia yenyewe. Hii ikitoka ni nzito, inateleza kwenye vidole kama uji wa muhogo, na inanuka kile kiberiti, hainuki moshi.

Ya tatu ni kwa wenye mashine kubwa zinazonyanyuliwa kwa swichi. Kule kwenye mabano yanayoshikilia mashine kwenye boti kuna pampu yake ndogo na mikono ya haidroliki, inatumia oili nyepesi, mara nyingi nyekundu nyekundu kama ya giaboksi ya otomatiki ya gari. Ikivuja inateremka kwenye mguu mpaka chini na watu wanalaumu sili za propela bure. Wenye mashine za 4-stroke wana na ya nne, oili ya injini, lakini hiyo ikivuja mara nyingi unaiona kwenye kifuniko cha juu.

Namna ya kujua ni rahisi na haina gharama. Osha mguu wote kwa sabuni, toa propela, futa kwa kitambaa mpaka pakauke, simamisha mashine wima na tandika boksi la karatasi chini yake. Lala. Asubuhi angalia tone limetokea wapi, lipake kwenye vidole viwili, linuse. Moshi na petroli, ni ya injini. Kiberiti, ni ya gia. Basi. Nimeona watu wanafungua mguu mzima kabla ya kunusa.

Kwa nini maji yanaingia kama oili haitoki

Hili ndo linalowachanganya wengi. Kijana aliniambia, "Fundi, mbona nje pakavu? Ingekuwa inavuja si ningeona oili nje?" Swali zuri tu.

Chukua chupa tupu ya maji ya plastiki, iache juani ipate moto, ifunge kizibo vizuri, afu itumbukize kwenye ndoo ya maji baridi. Inajikunja, inaminyika yenyewe. Hewa ya ndani ilikuwa ya moto, imepoa, imesinyaa, sasa inavuta. Mguu wa mashine unafanya hivyohivyo kila siku unapoenda kuvua. Gia zikizunguka oili inapata moto, hewa kidogo iliyomo inatanuka na kusukuma nje. Ukizima mashine ukiwa baharini, mguu uko ndani ya maji, unapoa haraka, na sasa ndani panavuta. Chupa inaminyika kwa sababu plastiki ni laini, ila aluminiamu haiminyiki, kwa hiyo kama kuna mlango wowote ulioachia hata wa unywele, maji ndo yanaingia kujaza. Unatupa nyavu, unasubiri, unavuta nyavu, unawasha, unahama, unazima. Kila ukizima mguu unakunywa. Ndo maana boti zinazosimamasimama baharini zinapata oili nyeupe haraka kuliko ile inayovusha abiria moja kwa moja.

Na kuna jambo la sili zenyewe. Sili ni pete ya raba yenye ulimi mwembamba unaokumbatia shafti, na kuna springi ndogo inaubana. Ule ulimi umeelekea upande mmoja. Ukisukumwa kutoka upande unaoutazama, unabana zaidi. Ukisukumwa kutoka mgongoni, unanyanyuka. Ni kama mlinzi wa geti, anayetazama nje hamuoni anayetoka ndani. Ndo maana sehemu nyingi wameweka sili mbili, na ndo maana mguu unaweza kuzuia oili isitoke halafu ukaruhusu maji yaingie, au kinyume chake. Kwa hiyo pakavu nje hakumaanishi pazima.

Maji yakishaingia gia zinayakoroga na oili mpaka inakuwa ile rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo haishiki tena kwenye meno ya gia, beringi zinaanza kutu, na ya chumvi ni mbaya maradufu. Mashine haitakwambia kitu, itaendelea kwenda tu vizuri wiki nyingi, mpaka siku unasikia kama kuna kokoto zinasagwa chini ya miguu yako na upo mbali na nchi kavu.

Milango yenyewe

Mlango maarufu ni wa sili za shafti ya propela, na adui yake namba moja ni nailoni. Mshipi au kipande cha wavu kinapita nyuma ya propela, kinajizungusha kwenye shafti, shafti inazunguka mara elfu na zaidi kwa dakika, ule uzi unapata moto na kusukumwa ndani kabisa mpaka unakata ulimi wa sili kama wembe unavyokata muwa. Ukitoa propela na ukakuta pete ya nailoni iliyoyeyuka imeganda nyuma ya ile washa (pete bapa) nene ya shaba, hata usihangaike kutafuta pengine kwanza. Kule Ziwa Victoria wana na magugu maji, mbali na nyavu, yenyewe hayakati sili ila yanazungusha kila kitu hapo nyuma pamoja na nyuzi. Mtu anayevua anatakiwa atoe propela kila baada ya wiki kadhaa aangalie, ni kazi ya dakika kumi, kota pini moja na nati moja, afu upake grisi ya majini kwenye shafti urudishe.

Mlango wa pili uko juu, chini ya pampu ya maji, pale shafti ya wima inapoingia kwenye boksi la gia. Hapa maji yana presha ya pampu yenyewe, na mchanga unaovutwa ukipita kwenye maji madogo unasaga shafti na sili pamoja. Huu mlango hauuoni mpaka ushushe mguu.

Upo wa fimbo ya gia, ile nyembamba inayoshuka kubadilisha mbele na nyuma. Ni mdogo na husahaulika. Ipo na oringi kubwa (pete ya raba ya kuziba) ya lile bakuli linaloshika shafti ya propela, hii yenyewe haifi kirahisi lakini chumvi ikila aluminiamu inayoizunguka, oringi mpya haitasaidia kitu maana inakalia mashimo.

Hapo inaingia zinki. Kile kijipezi juu ya propela kwenye mashine nyingi ni zinki, kazi yake ni kuliwa ili mguu usiliwe, yani ni chambo. Nimeona watu wanapaka boti rangi wanapaka na zinki, inapendeza kweli, na kuanzia siku hiyo bahari inaanza kula mguu kwa sababu chambo kimefungwa kwenye mfuko. Usipake rangi zinki. Ikiliwa nusu, badilisha. Kwa wa ziwani, kwenye maji yasiyo na chumvi, zinki haifanyi kazi vizuri, wao wanafaa kutafuta ya magneziamu.

Halafu kuna ufa. Boti inakalia mguu maji yakikupwa, au unagonga jiwe, ule upanga wa chini unapinda na boksi linapasuka ufa wa kama unywele. Na kuna nati mbili za oili, ya chini ya kumwagia na ya juu ya kupimia, kila moja na washa yake. Hizi washa ni za bei ya andazi na nitazirudia.

Kuutafuta mlango

Asubuhi kabla hujaiwasha, mashine ikiwa wima imelala usiku, legeza nati ya chini kidogo tu, usiitoe. Oili inaelea juu ya maji, kwa hiyo maji kama yapo na hayajakorogwa sana yatakuwa yamekaa chini. Tone la kwanza ndo linaongea. Likitoka maji matupu halafu oili ikafuata, umeshajua. Ikitoka asali toka mwanzo, rudisha nati nenda zako kazini.

Ikitoka nyeupe, mwaga yote kwenye chupa nyeupe uitazame kwenye mwanga. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku, ukikuta ungaunga laini wa kijivu kama masizi ya sufuria hiyo ni kawaida ya gia kusuguana. Ukikuta vipande vinavyoshikika na kucha, hiyo si kesi ya sili tena, kuna beringi au jino limevunjika, ifunguliwe. Nyeusi na inanuka kuungua maana yake ni ya zamani sana au ilipungua ikapata moto.

Afu sasa kipimo chenyewe, cha hewa. Mguu ukiwa umemwagwa oili, unafunga tundu moja vizuri, kwenye tundu lingine unaweka pampu yenye geji. Wengi wetu hatuna kile kifaa cha dukani, mimi nilitoboa nati ya zamani nikachomelea ventili ya tyubu ya pikipiki, na ninatumia pampu ya baiskeli. Unapiga taratibu, kwanza kama psi 5, unasikiliza, unapakaza povu la sabuni kila mlango, au unazamisha mguu kwenye pipa la maji unatazama mapovu. Ukiona kimya, panda mpaka kama psi 14, ambayo ni karibu nusu ya upepo wa tairi la gari dogo, hapo ishike bila sindano ya geji kushuka, angalau sekunde 10. Zungusha shafti zote mbili kwa mkono huku ikiwa na upepo, ingiza gia toa gia, kwa sababu kuna sili inayoshika ikiwa imetulia na kuachia ikizungushwa. Usizidishe. Mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza nilichukua kompresa ya kujazia matairi nikafikiri nawahisha kazi, nilisikia "pu!" na sili nzima zikatoka mahali pake, kwa hiyo mguu ambao haukuwa na tatizo la sili ukapata tatizo la sili.

Baada ya kusukuma, vuta. Kumbuka ulinzi wa upande mmoja. Mguu unaweza kushika upepo wa kusukuma ukashindwa kwenye kuvuta. Pampu ya baiskeli ya zamani ile yenye kikombe cha ngozi ndani, ukikigeuza kile kikombe na ventili ukaitoa kiini, inakuwa ya kuvuta. Si lazima ivute kwa nguvu, kidogo tu, na geji isirudi.

Sasa sikiliza hili maana ndo lililomponza yule kijana. Fundi wake wa kwanza alipima, na kwa haki alipima vizuri, ila aliweka pampu kwenye tundu la juu kama kila mtu anavyofanya. Mguu ukashika. Hakuna povu popote. Akasema basi labda sili zina kasoro, tubadilishe tena. Tukarudia juzi pale pale mchangani, nikaweka pampu tundu la chini badala ya juu na kufunga nati ya juu na washa yake ileile. Nikapaka sabuni, na pale kwenye nati ya juu povu likavimba polepole, likapasuka, likavimba tena. Unaona? Ukiweka pampu kwenye tundu la juu, ile nati ya juu haipo kwenye kipimo, umeitoa mkononi. Mlango unaovuja umeubeba mfukoni. Washa ilikuwa imeminywa miaka mpaka imekuwa kama karatasi, na ilikuwa inarudishwa kila mara oili ikibadilishwa.

Kuifunga

Kama ni washa, ni hiyo tu, washa mpya mbili kila ukifungua, hazirudiwi. Usipake silikoni badala yake, silikoni ikimwagika ndani inaelea kwenye oili mpaka inaziba njia yake.

Kama ni sili za propela, unatoa propela, unatoa lile bakuli, na hapo kwenye chumvi ndo vilio vinaanza maana limeshikana. Vuta kwa pula taratibu, pasha moto kidogo kama huna jinsi, ila ukipasha jua umeua sili na oringi zote zilizo karibu, zote zibadilishwe. Kabla hujang'oa sili za zamani piga picha zilivyokaa, ulimi unatazama wapi, kwa sababu mashine nyingine zote mbili zinatazama nje na nyingine zinapeana mgongo, na ukizigeuza umefunga mlango kwa kutazama upande usio wake. Ukiziingiza tumia soketi inayolingana na ukingo wa nje, zishuke sawa, usipige nyundo upande mmoja. Grisi katikati ya sili mbili.

Afu pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja hata ikiwa ya dhahabu, kwa sababu chuma ndo kimeliwa. Unaweza kuiweka sili mbele au nyuma kidogo ya ilipokuwa ili ulimi ukanyage chuma kizima, kama nafasi ipo, la sivyo ni bomba jembamba la kuvisha shafti au shafti mpya. Nusu ya malalamiko ya "sili feki" ninayoyasikia ni mfereji kwenye shafti. Nusu nyingine, sawa, sili feki zipo kweli.

Kama umeshusha mguu kwa ajili ya sili za juu, badilisha na impela ya pampu ya maji, kile kipangaboi cha raba, hukohuko, umeshalipia kazi. Zile washa nyembamba nyembamba unazozikuta kwenye gia usizipoteze na usizichanganye, ndo zinazopima nafasi kati ya meno, ukirudisha moja vibaya gia zitaimba mpaka zife. Kama shida yako ni sili, usifungue gia. Ufa wa boksi unachomelewa na mtu wa aluminiamu anayejua, gundi ya epoksi ni ya kukufikisha nyumbani.

Na wale wa kutia oili nzito au grisi ili isivuje: grisi haitiririki, meno ya gia yanaisukuma pembeni na kubaki makavu, wakati maji yataingia vilevile maana hayajali unene wa kilichomo. Oili ya injini nayo haina zile dawa za kuvumilia msuguano wa gia. Soma kitabu cha mashine, nunua ilichosema.

Kujaza ni kutoka chini kwenda juu. Wengi wanamimina tundu la juu kama wanajaza chupa ya chai, hewa inabaki imenaswa chini, wanadhani imejaa, kesho imepungua, wanasema inavuja. Mashine wima, sukuma oili kwa tundu la chini taratibu mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza. Ya juu ikiwa imefungwa oili haimwagiki haraka, ni kama ulivyoziba kidole juu ya mrija, unapata muda wa kutoa bomba na kuweka nati ya chini na washa yake mpya. Halafu badilisha kila saa 100 za kazi au miezi 6, lolote litakalotangulia, na kama ni mashine mpya, ile ya kwanza kabisa baada ya saa 10.

Kama mguu ulikuwa na maji, ukishaufunga usiuamini siku hiyohiyo. Fanya kazi kama saa 10, fungua tena, mwaga, hata kama ni oili mpya, kwa sababu mabaki ya maji yamejificha kwenye beringi na yatatoka na hiyo.

Kijana alifanya hivyo. Jana usiku kanitumia picha, kidole gumba chake na tone moja juu yake, rangi ya asali. Chini ya picha kaandika, "fundi sasa hili doa jeusi mchangani bado lipo, tunafanyaje?" Nimemuuliza anachanganya oili kiasi gani kwenye petroli. Bado hajajibu.